MVUA NA NGITILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Shinyanga)



Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni: "Mvua siku hizi inachelewa, na ikija inakuja kwa hasira. Chama kinasemaje?" Chama hakileti mvua, mzee wangu. Lakini juu ya ardhi inayoipokea mvua hiyo, tunalo la kusema.

Kwanza, moshi unaoipasha dunia joto si wetu. Hewa ya ukaa itokayo katika mafuta na makaa ya mawe, Afrika nzima haitoi hata sehemu 5 katika kila 100. Mwenye deni na alipe. Hata hivyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2019 kwamba karibu sehemu 23 katika 100 za hewa chafu ya binadamu duniani hutokana na kilimo, mifugo na misitu. Basi shoka nalo limo kesini.

Tazameni mkoa wetu. Miaka ya 1920 mkoloni aliamuru pori lifyekwe ili mbung'o waishe. Ikafuata pamba, shamba juu ya shamba. Alipoona udongo unakwisha akaleta amri nyingine: matuta kwa lazima, kupunguza ng'ombe kwa lazima. Watu wakakataa, na walikuwa na haki. Lakini tuseme kweli, nasi tulipojitawala tulikosea: vijiji vya 1974 na 1975 viliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na kisicho na mwenyewe huliwa na kila mtu.

Vijana wengine hawajui ngitili. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, yakafunguliwa kiangazi kwa ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa. Zilipotoweka, mkulima aliyekosa mavuno alifyeka tena au akachoma mkaa. Ardhi ikabaki uchi, maji yakakimbia na udongo, na ukame uliofuata ukamkuta dhaifu zaidi.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni waligawa miche. Baadaye wakawasikiliza wazee: visiki vi hai, fungeni tu ng'ombe wasiingie. Dagashida ikaweka faini, sungusungu wakalinda. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna bwana shamba aliyefanya hayo kwa kiboko.

Sasa nimeona kwa macho yangu vigingi vya viwanja ndani ya ngitili ya watu, na wenyewe hawakuulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Aliyepiga vigingi alikubaliwa na mkutano gani?

Kwa hiyo mkutano mkuu ujao, kila balozi aje na majina ya ngitili za eneo lake, mipaka yake na wenyewe. Akina mama msibaki nyumbani siku hiyo. Ninyi ndio mnaojua kuni zimesogea umbali gani.