Kadi Moja Kila Asubuhi

Nasema nawe nikiwa Mautuma, huku Lugari, ambako jua likichomoza wengi wamekwisha kukamua ng'ombe na wengine wako shambani. Labda wewe pia asubuhi hii, kabla ya kutoka nyumbani, ulinyosha mkono ukachukua kadi.

Kadi ziko za namna nyingi. Katika nyumba za Wakristo kuna kile kisanduku cha ahadi, chenye vikaratasi vilivyoandikwa mistari ya Biblia. Unafumba macho, unavuta kimoja, unasoma, unakwenda zako. Vijana wetu wanazo nyingine ndani ya simu, zenye picha za nyota na malaika. Unagusa, kadi inageuka, inakuambia siku yako itakuwaje. Kisha unaambiwa uweke nia yako: leo nitapokea, leo hakuna kitakachonizuia. Binti mmoja wa kwaya alinionyesha za kwake akacheka. "Pasta," alisema, "huu si uchawi. Ni kujitia moyo tu."

Sikumkemea. Mtu aliyeamka na mzigo moyoni anatafuta neno la kumwinua, na hilo si dhambi. Tena kadi hizo za picha zilianza kama mchezo. Zile za tarot zilichezwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na Wafaransa ndio waliozieneza kama kadi za kuagulia katika karne ya 18. Karatasi ni karatasi. Lakini mtu akiiuliza karatasi jambo lililofichika, hapo ameingia katika kazi ya mwaguzi, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imelikataza jambo hilo waziwazi. Huko pwani mpiga ramli huchora alama zake mchangani au ubaoni. Huku kwetu wazee walichinja mnyama wakatazama matumbo kabla ya safari. Nabii Ezekieli, sura ya 21, anamwonyesha mfalme wa Babeli amesimama penye njia panda akitikisa mishale na kutazama ini. Simu haikuleta jambo jipya.

Sasa nataka tuseme juu ya kisanduku chetu wenyewe, maana hicho hatukiogopi.

Yuko mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alipata wakala wa kumpeleka Qatar kufanya kazi ya ulinzi. Fedha ziliyohitajika zilikuwa nyingi, na mama alikuwa na ekari tatu alizoachiwa na mumewe. Aliomba, akavuta kikaratasi, kikatoka Mwanzo 12, pale Mungu anapomwambia Abramu aiache nchi yake. Mama akaja kwangu na uso wa furaha. Hakuja kutaka shauri. Alitaka niiombee safari, kwa sababu mnunuzi wa ekari moja alikuwa amekwisha kupatikana.

Nikamwuliza, "Mama, hati ya shamba iko kwa jina la nani?" Ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na urithi haujapita mahakamani. Sheria yetu ya urithi hairuhusu shamba la marehemu liuzwe kabla mahakama haijathibitisha warithi. Nikauliza kama wakala ameandikishwa serikalini. Yeye alikuwa na namba ya simu tu. Nikauliza kama binti zake wawili walioolewa wana habari. Akanyamaza.

Kikaratasi hakikujua lolote kati ya hayo. Hata habari za Abramu hakikuzimaliza, maana katika sura hiyo hiyo, mstari wa 10, inaingia njaa kali, na mtu wa Mungu anakimbilia Misri, na huko anasema uongo juu ya mkewe.

Tuliwaita binti zake, tukakaa jioni nzima. Machozi yalikuwapo. Kijana alitoka nje kwa hasira, baadaye akarudi akakaa karibu na mlango. Ekari ile haikuuzwa. Yeye bado anataka kwenda, na kama atapata njia ya halali tutamwombea na kumsindikiza. Sikumwambia kwamba Mungu amemkataza. Ningesema hivyo, ningekuwa nimejifanya kadi nyingine.

Msikilizaji, ahadi inayopendwa kuliko zote ni Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mema na kutupa tumaini. Iko katika kila kisanduku, na juu ya vioo vya matatu pia. Lakini ile ilikuwa barua, iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na wabashiri wao. Mstari wa 10 unasema watangoje miaka 70. Hesabu mwenyewe: mzee aliyesomewa barua ile akiwa na miaka 50 alijua atazikwa Babeli. Na bado ahadi ilikuwa yake, kwa ajili ya wajukuu wake. Je, nani atachapa kikaratasi cha miaka 70?

Najua utaniuliza juu ya Mathiya, aliyechaguliwa kwa kura katika Matendo sura ya 1. Ni kweli. Lakini mitume walikwisha kuwapima watu wawili waliofaa kabla ya kupiga kura hiyo. Na baada ya Roho kushuka, hatusomi tena kwamba kanisa lilipiga kura. Antiokia walifunga na kuomba pamoja. Yerusalemu, katika sura ya 15, walibishana kwanza, kisha wakapatana.

Ndugu zetu Wamoravian wana desturi ya neno la siku iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na tangu 1731 wanalichapa kitabuni. Mistari hiyo ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, lakini kwa ajili ya mwaka mzima, nayo ni ile ile kwa watu wote. Mama wa Rungwe na mzee wa Ulaya wanasoma neno moja. Hakuna aliyeuliza, "Je, niuze shamba?"

Na sisi Waanglikana, Kitabu cha Sala cha zamani kimezigawa Zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni. Tarehe 17 asubuhi, upende usipende, utaifikia Zaburi ya 88, inayokwisha gizani bila faraja yoyote. Kisanduku cha ahadi hakina Zaburi hiyo. Mimi nimeisoma kando ya kitanda cha mtu aliyefiwa na mtoto, na ndiyo peke yake aliyoomba niirudie.

Kuhusu nia ya asubuhi, weka. Paulo alikusudia kwenda Hispania, akaandika hivyo kwa Warumi. Yakobo, sura ya 4, anataka tu tuongeze mapenzi ya Bwana katika mipango yetu, maana hata kesho si yetu. Ukisema, "Leo nitakwenda kumlipa jirani deni lake, Bwana akipenda," hiyo ni nia njema, na jirani atafurahi kukuona.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, fungua Yeremia 29 uanze mstari wa kwanza, msome wote nyumbani.

Na tuombe. Ee Bwana, wako wanaotusikiliza ambao kesho wanakwenda kutia sahihi, au kupanda gari, au kumpeleka mtoto hospitali. Wape mtu wa kuwauliza maswali, na uwape subira ya kuyajibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.