Tuhesabiwe tukiwa wazima

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Kama, Maniema

 

Habari za ajali zinatufikia moja kisha ingine, na kila mara ni vile vile. Simu inalia, mutu anatuma picha ku grupu ya WhatsApp, wengine wanaandika "pole sana", kesho yake tunaongea mupira. Siye tulikaa tukazisoma zile habari tena, pole pole, kalamu mukononi. Tulikuwa tunatafuta kitu kimoja: hesabu. Na kile tulikikuta ndicho tunakileta hapa.

Tuanze na ziwa Kivu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Watu walikuwa wanapanda boti juu barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita. Ilizama karibu kufika bandari ya Kituku, watu wa inchi kavu wakiiona kwa macho. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani mulikuwa watu 278, na wafu 78. Upande wa Goma, miili yenye ilihesabiwa ilikuwa 34.

Wandugu, toeni 34 mu 78. Inabaki 44. Watu 44 ni darasa nzima, pamoja na mwalimu wao. Walizama ao hawakuzama? Walipanda ao walibaki Minova? Orodha ya majina yenye kila familia inaweza kuamini, siye hatujaiona mupaka leo.

Tuende ku muto Kongo. Katikati ya mwezi wa ine 2025, boti ya mbao iliwaka moto karibu na Mbandaka. Ilisemwa kama moto ulianza ku jiko ya mutu aliyekuwa anapika mule mule ndani. Siku za kwanza tulisikia wafu 50. Siku chache mbele, 148. Kisha ikaja mwezi wa tisa mwaka ule ule. Tarehe 10, upande wa Basankusu, wafu 86, wengi wao wanafunzi. Kesho yake, tarehe 11, upande wa Lukolela, wafu 107, na watu 146 "hawajulikani walipo".

Mutakubali tusimame kidogo ku hili neno. Mutu asiyejulikana alipo hana kaburi. Hana matanga. Bibi yake hajui kama ni mujane. Mutoto wake akiulizwa ku masomo "baba iko wapi?", anajibu nini? Kufa ni kitu kimoja. Lakini kukosekana bila mutu hata mumoja kuweza kusema kama ulikuwamo, ile ni kufa mara mbili.

Na hii maneno haiko ya mayi peke yake. Tarehe 2 mwezi wa tisa 2024, jela ya Makala, kule Kinshasa. Ilijengwa kwa watu 1,500, mukawekwa zaidi ya 12,000, na wengi wao hawajahukumiwa. Usiku mumoja serikali ikahesabu wafu 129. Ama vita: Goma ilipoanguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Umoja wa Mataifa ulisema karibu wafu 3,000 kwa ule muji. Mwisho wa mwezi wa pili, Waziri Mukuu wetu alisema Geneva kama kwa mashariki yote ni zaidi ya 7,000 tangu mwaka uanze. Namba zinapanda, zinashuka, zinazunguka. Majina hayaonekani.

Tukajiuliza: mbona inchi kubwa hivi haiwezi kuhesabu wafu wake? Jibu letu ni fupi. Haiwezi kuhesabu wafu juu haikuhesabu wazima. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanyika 1984. Kati ya siye vijana tuliosimama hapa, hakuna hata mumoja aliyekuwa amezaliwa. Tunatembea na kadi ya muchaguzi mufukoni, ndiyo kitambulisho chetu. Ni kusema Leta inatutafuta kutuhesabu mwaka wa kura, kisha inatusahau mupaka kura ingine.

Sasa kuna mutu atasema: "Ninyi wa Kama, mambo ya boti yanawaangalia nini? Ninyi ni watu wa pori na motari." Tunamujibu. Siye wa Maniema tunaishi kwa njia chache sana. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa na kile cha Kavumu pia, na vitu vingi vyenye vilikuwa vinafika Kindu kwa ndege kutoka Goma havikuji tena. Inabaki nini? Piki piki mu matope, gari moshi ya kungojea, na muto. Mwanafunzi wa huku akienda kusoma Kisangani bila feza ya ndege, anashuka Lualaba kutoka Kindu mupaka Ubundu, kilometa zaidi ya 300 ku mayi, mbele ya kupata njia ya kilometa 125 ya kupita maporomoko ya Boyoma. Mama mwenye kuuza hapa chumvi na sabuni, mara mingi vitu vyake vimepita ku muto. Ile boti ni yetu, hata kama hatuioni kutoka hapa.

Na kule bandarini tuliona kitu ambacho hatuwezi kunyamazia. Bandari hatuitaji jina, juu hatukukuja kushitaki mutu. Boti ya mbao inapakia. Waajenti wako pale, mabulangeti ya ofisi na vizibiti mukononi. Gunia la muchele linahesabiwa. Bidon ya mafuta ya ngazi inahesabiwa. Mbuzi anahesabiwa, anaandikiwa karatasi. Mutu je? Mutu anaambiwa "ingia, ingia, sogea kule". Tuliangalia wee, tukaelewa: gunia linahesabiwa juu linalipa kodi. Mutu akiingia bila kuandikwa, kuna mwenye faida. Mwenye boti anapakia anavyotaka, na yule wa kumukataza anapewa kitu kidogo ya sukari. Kwa hiyo boti inabeba watu wengi kuliko nguvu yake, na siku ya kuzama hakuna mwenye kosa, juu hakuna mwenye kujua walikuwa wangapi.

Majirani zetu walilipa hii masomo bei kali. Ku Tanzania, tarehe 21 mwezi wa tano 1996, meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa ya watu 430. Wenye tiketi ya daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu, wamaskini sawa siye, hawakuandikwa. Wafu walipita 800, na hesabu ya kweli inabaki maneno ya kubishana. Kisha tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha watu 101. Wafu 228. Pale mashine ya tiketi ilikuwako. Lakini yule wa kuikamata alikufa mule mule, na mashine ikapotea ku mayi. Mumesikia? Hesabu ilizama na boti. Orodha yenye kubaki mu boti tu haina faida. Nakala lazima ibaki ku inchi kavu.

Na tusiseme hii maneno ni ya Afrika peke yake. Ku Uingereza ya zamani, wenye meli walikuwa wanapakia kupita kiasi, watu wa kazi wakizama. Mubunge mumoja, Samuel Plimsoll, alipigana miaka kuwasemea, na mwaka 1876 ikatoka sheria: kila meli ipakwe mustari ubavuni. Mayi yakifika ku mustari, basi, hakuna kupakia tena. Mustari wa rangi tu! Hata mutoto asiyejua kusoma anaona kama meli imejaa. Ile mustari iko ku meli za dunia nzima mupaka leo. Rangi haikosekane Kindu, wandugu.

Sisemi serikali haifanye kitu. Siye wote tunasikia redio. Kisha kila ajali amri inatoka: boti zisitembee usiku, kila musafiri avae jile ya kuokoa. Amri ni nzuri. Lakini amri bila mutu wa kuikamata ni karatasi ya kufungia karanga. Na tena tunauliza: jile ni ya nani? Mama anayepeleka vikapu viwili vya samaki, ukimwambia anunue jile kwa feza yake, umemufukuza ku muto, ao umemupeleka apande usiku mahali hakuna polisi. Jile iwe ya boti, sawa vile usukani ni wa boti. Bila jile za kutosha, boti isitoke.

Wengine watasema: "Siku ya mutu ikifika, imefika. Ni Mungu." Siye pia tunasali, wengine Ijumaa, wengine Juma Pili. Lakini Mungu hakuwaambia wale waajenti wahesabu mbuzi na waache mutu. Ile ni mapenzi ya watu. Tusimubebeshe Mungu muzigo wa bandari.

Wengine tena, wenye boti wenyewe, watasema: "Tukipunguza watu tutakula nini? Kodi ni mingi." Hapo wako na haki kidogo, na tunawaunga mukono. Mwenye boti akilipa karatasi tano ku mafasi tano, lazima atatafuta ile feza ku migongo ya wasafiri. Leta ipunguze zile karatasi, ikamate moja tu, na ile moja iandikwe ndani watu wangapi walipanda.

Basi tunaomba nini? Tunaomba vitu vine vyenye havingoje mukopo wa inje.

Moja: ku kila bandari ya Lualaba mu Maniema, kuanzia Kindu, kaye ya wasafiri. Jina, kule anatoka, namba ya simu ya mutu wa familia. Watoto wadogo pia waandikwe, juu mara mingi ndio wanasahaulika. Kaye mbili: moja inaenda, moja inabaki.

Mbili: kila boti ipakwe mustari wa rangi, na idadi ya watu iandikwe mbele kwa namba kubwa, kila mutu asome.

Tatu: jile kwa hesabu ya ile namba. Moto wa kupikia usiingie ku boti ya mbao.

Ine: kisha ajali, orodha ya majina ibandikwe mahali pa wazi, waliopona na waliokufa, mu siku chache. Familia zisijifunze kifo cha mutu wao ku picha ya WhatsApp.

Na siye? Siye tuko wengi wenye kumaliza univasite na kukaa nyumbani. Diploma iko ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, mama anaipangusa vumbi. Hatuna kazi, lakini kuandika tunajua, kuhesabu tunajua. Kwa hiyo hatungoje. Tunatafuta vijana wawili wawili wa kwenda kukaa Kindu ku bandari siku za kupakia, na kaye, kwa ruhusa na bila fujo. Hatutakamata feza ya mutu, hata franka moja. Hatutamuzuia mutu kusafiri. Tutaandika tu: boti gani, saa gani, watu wangapi, jile ngapi. Kila mwisho wa mwezi tutazisoma zile namba mbele ya watu, na tutapeleka barua ku ofisi ya gavana, na kopi ku wabunge wa provensi. Wakikataa, tutasema walikataa. Wakikubali, tutawapa aksanti mbele ya wote.

Tunajua kuna mwenye atatuuliza nani alitutuma. Tumetumwa na wale 44 wenye walipotea katikati ya hesabu mbili. Tumetumwa na wale 146 wa Lukolela. Na tumetumwa na yule mwanafunzi wa Kama ambaye wiki ijayo atapanda boti, begi mugongoni, na ambaye hatutaki kumutafuta ku picha.

Mwenye kutaka kuandikisha jina lake kwa hii kazi, abaki kisha mukutano. Kaye iko hapa ku meza, na kalamu ziko mbili.