Mtoto Anayehema Haraka Asisubiri Asubuhi



Wakati wa mvua na baridi watoto wengi hukohoa, na si kila kikohozi ni nimonia. Muuguzi kwanza huuliza umri. Kisha, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama, humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Pumzi 45 kwa mtoto wa miezi 6 ni kawaida. Kwa mtoto wa miaka 2 anayekohoa, hizo hizo ni dalili ya nimonia.

Aliye chini ya miezi 2, hatari huanza kwenye 60. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Saa ya simu yatosha kuhesabia, ila si mtoto akilia au akinyonya.

Mtoto mchanga huenda asikohoe kabisa. Akiacha kunyonya, au mwili ukiwa moto au baridi kuliko kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Mkubwa naye kifua kikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunywa, akilegea au kupatwa na degedege, asingojee dawa ya duka wala matatu ya alfajiri.

Jikoni penye moshi wa kuni si pa kumlaza mtoto, hata kama ndipo penye joto. Na chanjo ya nimokokasi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, hudungwa wiki ya 6, 10 na 14. Aliyekosa mojawapo arudishwe kliniki na kijitabu chake.