Ujira wa Mwenye Kuwatumikia Watu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Kijana mmoja aliyehitimu masomo yake alitujia baada ya sala ya Alasiri kutaka shauri. Ameitwa kazini katika jumuiya inayotunza mayatima, kwa mshahara mdogo, na baba yake amekataa. Baba asema kuwa kumtumikia yatima ni ibada, na ibada hailipwi. Mwenye kutaka mshahara na aende akaajiriwe kwingine, na mwenye kutaka thawabu ajitolee siku za mapumziko. Maneno haya husemwa na watu wema wengi, ndiyo sababu tumeona tuyazungumze leo.

Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa mafungu manane wanaopewa zaka. Wanatangulia mafakiri na maskini, na wa tatu ni wale wanaoitumikia zaka yenyewe, wenye kuikusanya, kuihesabu na kuigawa. Wanachuoni wameeleza kwamba hawa hupewa kwa ajili ya kazi yao, hata kama si mafakiri. Na Sayyidna Abubakar (R.A.), yasimuliwa kuwa baada ya kushika ukhalifa alionekana asubuhi akienda sokoni na nguo zake za kuuza, kwani alikuwa na watoto wa kulisha. Masahaba wakamzuia, wakampangia posho katika Baitul Mali, ili awashughulikie Waislamu mchana kutwa. Basi aibu haimo katika kulipwa. Sayyidna Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, alimruhusu msimamizi ale humo kwa kadiri inayofaa, ila asijitajirishe. Mpaka ndio huo, na waliouvuka ni wengi!

Tena kazi hii yataka elimu, wala haitoshi moyo wa huruma peke yake. Mtazameni Dk. Abdul Rahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyezaliwa mwaka 1947. Alisomea udaktari Baghdad, kisha maradhi ya nchi za joto Liverpool, kisha akaendelea na masomo Montreal huko Kanada. Mwaka 1981 alianzisha jumuiya ya kuwasaidia watu wa Afrika, iliyochimba visima na kujenga skuli na zahanati. Aliushikilia mwendo huo kwa miaka mingi, mpaka maradhi yalipomzuia. Akafariki mwaka 2013. Alipotunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1996, fedha zake alizielekeza katika elimu ya watoto wa Afrika. Huyu hakuwa mtu aliyekosa kazi akakimbilia jumuiya. Twalisema hili kwa kuwa wazazi wengi humpeleka huko mtoto aliyeshindwa kwingine.

Ndugu zangu, na tukiri kosa letu. Miaka mingi iliyopita tulikuwa katika kamati ya mfuko wa mayatima. Mtunza fedha wetu alikuwa mcha Mungu, hakosekani safu ya kwanza. Hatukumwomba daftari hata siku moja; tuliona haya. Fedha za mayatima alizitia katika sanduku moja na fedha za duka lake, hesabu yote akaiweka kichwani. Siku moja akafariki ghafla. Sanduku lilipofunguliwa, hakuna aliyejua zipi za nani. Mjane alisema ni za marehemu, naye ana watoto wake. Sisi tukasema zimo za mayatima, na hatuna shahidi wala karatasi. Muhula ule watoto kumi na wawili walirudishwa nyumbani kwa ada. Marehemu hakuiba hata senti moja, twamshuhudia hilo. Kosa lilikuwa letu, tuliodhani kuwa kumwuliza mtu mwema hesabu ni kumvunjia heshima.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Waliofundishwa hayo kwanza ni masahaba wenyewe! Naye Mtume (S.A.W.) alipomtuma mtu kukusanya sadaka, akarudi akitenga fungu na kudai kuwa amepewa zawadi, alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angeletewa zawadi lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Hapo hapana mlango wa kupita kwa mwenye kupokea bahasha kwa ajili ya cheo chake katika jumuiya.

Tulikwenda kwa baba wa yule kijana, tukamsimulia habari ya sanduku. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, basi na aende. Lakini kwanza ajifunze kuandika hesabu." Sasa kijana yuko kazini, na jioni anasoma uhasibu.

Twasema maneno yetu haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Wabillahi tawfiq.