Unyevu wa Ghala ni Hasara ya Mwanachama

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika na makatibu na wanachama, Mkunya



Nimeombwa niseme machache juu ya kuta za ghala. Huenda mkastaajabu: sisi wa uwanda wa Makonde, tunaopata maji kwa taabu, twayaogopeaje maji? Msimu wa korosho huanza Oktoba, na kabla haujaisha mvua huwa zimekwisha kutufikia. Korosho iliyoanikwa ikakauka hadi unyevu wa asilimia 8 ni salama. Ikipita asilimia 10, ukungu huanza.

Katika kazi yangu nilipata kukagua ghala lililojengwa mtelemkoni, ukuta wake wa nyuma umefukiwa udongo hadi usawa wa madirisha. Kamati iliona doa la maji ndani, ikatoa fedha za wanachama kupiga lipu ya saruji na rangi. Ukuta ukapendeza. Mvua zilipokolea, lipu ilivimba na kubanduka, na magunia yaliyoegemea pale yakaota ukungu. Korosho iliyopokelewa daraja la kwanza iliuzwa daraja la pili. Vitabu vya chama vilikuwa sahihi, lakini hasara ilikuwa pale pale.

Funzo ni hili: usiufunike ukuta wenye maji kabla hujajua maji yatokako. Bandikeni kipande cha nailoni cha futi 2 kila upande, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi, mkiache siku 2. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakionekana mbele yake, yanatoka katika hewa ya ghala.

Ya ukutani hutibiwa kwa nje. Ondoeni udongo ulioegemea ukuta. Chimbeni mfereji na kuujaza kokoto. Wekeni michirizi ya bati ipeleke maji ya paa mbali na msingi. Ardhi iinamie nje. Ukuta ukisha kukauka, ndipo mpake chokaa, kwa kuwa chokaa huuacha upumue.

Ya hewani hutibiwa kwa madirisha: yafunguliwe wakati wa jua, yafungwe jioni na wakati wa mvua. Tena msipokee korosho mbichi, kwani hiyo huingia na maji yake. Tumieni magunia ya juti, si ya nailoni. Yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita akikagua.

Ndugu Wanachama, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika korosho mwaka 2007, mzigo hubaki mali ya mkulima mpaka unapouzwa mnadani. Kwa hiyo kila gunia linalooza lina mwenyewe, naye yupo kijijini anangoja malipo. Katibu ashike kalamu, lakini kila asubuhi aushike na ukuta kwa kiganja.