Ukuta wa Mbao kwa Gharama Nafuu
(Maneno yaliyotolewa kwa wakazi katika siku ya ufundi)

Kabla ya kununua plaiwudi, shikeni ukuta wenu kwa mkono. Ukiwa na unyevu, tafuteni kwanza maji yanakotoka. Mimi niliharakisha, masika ilipokwisha, mbao za sebuleni kwangu zilikuwa zimevimba na kung'oa misumari. Pesa zangu zilikwenda hivyo.

Ukuta ukiwa mkavu, kazi si ngumu. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ikipasuliwa kwa urefu, hutoa vipande 8 vya karibu inchi 6. Nasema karibu, kwa sababu msumeno nao hula mbao. Ombeni mpasuliwe kwa mashine huko huko dukani. Kwa mkono vitapinda.

Pigeni kingo msasa na mzipake rangi kabla ya kugongomea, maana baadaye brashi haiingii. Ukuta wa mawe haushiki misumari midogo, kwa hivyo tangulizeni fito. Anzeni chini kwa pimamaji, na kati ya vipande wekeni sarafu ya shilingi 10 ili nafasi zilingane.

Penye swichi, zimeni umeme na mwite fundi wake. Haya, nani ana swali?