Kuiga Athari za Mnururisho Angani: Urithi wa Ngomeni na Tatizo la Tufe la Alumini

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa fizikia na wanafunzi wa uhandisi, Mji wa Kale, Mombasa

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi kompyuta inavyotumika kuiga athari za mnururisho kwa vyombo vya angani, ala zake na wanaanga. Ya msingi mnayajua, nami nitayapitia haraka. Muda mwingi nitautoa kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi nikikagua kazi za wanafunzi. Nitakayoyasema ni maoni yangu ya kitaaluma, si msimamo wa taasisi yoyote.

2. Fasili

Mnururisho wa angani una vyanzo vitatu: chembe zilizonaswa na uga wa sumaku wa dunia katika kanda za Van Allen, chembe zinazorushwa na jua wakati wa dhoruba, na mionzi ya kosmiki itokayo nje ya mfumo wa jua. Athari kwa saketi nazo ni tatu: kipimo cha mnururisho kinachojilimbikiza na kuichakaza taratibu, atomi kung'olewa mahali pake ndani ya silikoni, na chembe moja kugeuza 0 kuwa 1 kwenye kumbukumbu, au kuiunguza saketi papo hapo.

Kuiga ni kurusha chembe moja baada ya nyingine ndani ya kompyuta, kila mgongano ukiamuliwa kwa bahati nasibu inayofuata kanuni za fizikia. Programu ya Geant4, iliyoanzia CERN na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1998, hufanya kazi hiyo, na hupatikana bila malipo.

3. Urithi wa Ngomeni

Sisi wa pwani tusilione somo hili kuwa la wageni. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei.

Mahali hapa palikuwa na faida mbili. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta huiongezea roketi kasi. Tena, njia ya Uhuru iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta, hivyo iliepuka sehemu kubwa ya Kasoro ya Atlantiki ya Kusini, ambako kanda ya ndani ya Van Allen hushuka karibu na dunia na protoni hujaza ala kelele. SAS-2, iliyorushwa hapo hapo tarehe 15 Novemba 1972 kutafuta mionzi ya gama, ilipata faida iyo hiyo. Darubini ya NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya 2021 nazo zilipelekwa karibu na ikweta, na data zake zikateremshwa kupitia kituo cha Malindi.

Lakini utulivu huo hauhamishiki. Setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018, ilifuata mwinamo wa digrii zipatazo 51.6. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilipelekwa kwenye njia inayopita karibu na ncha za dunia. Njia zote mbili hukatiza Kasoro ile. Anayenakili hesabu za Uhuru kwa setilaiti kama hizi amekosea kabla hajawasha kompyuta.

4. Tatizo lenyewe: tufe la alumini

Sasa nifike kwenye kiini. Kazi nyingi ninazoletewa huchukua setilaiti nzima na kuifanya tufe tupu la alumini, tuseme la unene wa milimita 2, na saketi katikati. Programu huendeshwa, nambari moja hutoka, nambari hiyo huingia kwenye ripoti, na ripoti hupitishwa. Sisemi haya kumlaumu mtu. Tufe linafaa kwa makadirio ya wiki ya kwanza. Ninachokataa ni kuliona tufe hilo hilo kwenye ripoti ya mwisho.

Setilaiti ya kweli ina upande wenye betri nzito na upande wenye bamba jembamba. Kipimo cha elektroni hupungua kwa kasi kadiri ngao inavyonenepa, kwa hiyo upande mwembamba ndio unaoamua. Ukichukua wastani wa unene, umejidanganya kwamba saketi iko salama.

Kuongeza chuma tu hakutoshi. Ukuta mnene wa Fort Jesus ulijengwa kuzuia mizinga, na kila jiwe lililoongezwa lilisaidia. Angani si hivyo daima. Chembe yenye nishati kubwa ikigonga metali hupasua viini na kuzaa neutroni na vipande vipya, na elektroni zikisimamishwa hutoa eksirei zinazopenya zaidi. Ndiyo maana plastiki yenye haidrojeni nyingi mara nyingi huikinga mionzi ya kosmiki vizuri kuliko metali ya uzito ule ule.

Tena kuna matundu. Darubini ya Chandra ilirushwa Julai 1999. Kuta zake zililindwa vyema. Baada ya wiki chache kamera yake ikaonekana imedhurika: protoni dhaifu, ambazo kuta zingezizuia bila shida, ziliteleza juu ya vioo na kuingia kwa njia ile ile ya mwanga. Wanasayansi wa Ulaya walitumia Geant4 kuchunguza hatari hiyo kwa XMM-Newton, iliyorushwa Desemba mwaka huo. Tufe lisilo na tundu haliwezi kukuonyesha tundu.

5. Mwanaanga

Mwili nao si tufe. Uboho na utumbo havipokei sawa. Ndiyo maana safari ya Artemis I ya mwaka 2022 ilibeba sanamu mbili za kiwiliwili cha mwanamke, Helga na Zohar, zenye vipimaji ndani. Haja ni kubwa: vipimo vilivyochukuliwa chombo cha Curiosity kikielekea Mirihi vilionyesha kwamba kwenda na kurudi pekee kungempa mtu milisiverti zipatazo 660, wakati kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ni 600.

6. Mapendekezo

(a) Njia ya setilaiti itajwe kwanza, pamoja na mwinamo na kimo chake.
(b) Tufe la alumini litumike kwa makadirio ya awali tu.
(c) Ripoti ya mwisho iwe na umbo halisi: betri, bamba, na kila tundu.
(d) Unene uonyeshwe kwa kila upande, si kwa wastani.
(e) Chembe za pili, zinazozaliwa ndani ya ngao, zihesabiwe, hasa ngao inaponenepeshwa.
(f) Kila nambari iambatane na kosa lake la kitakwimu. Kupunguza kosa hilo kwa nusu kunahitaji chembe mara nne.
(g) Kila setilaiti ya wanafunzi ibebe kipimaji kidogo, ili uigaji upimwe kwa ukweli.
(h) Walimu wa pwani wafundishe historia ya Ngomeni pamoja na fizikia yake.
(i) Wakaguzi wairudishe ripoti yoyote ya mwisho yenye tufe peke yake.

7. Hitimisho

Programu tunazo, wanafunzi hodari tunao. Kinachokosekana ni kanuni ya ukaguzi inayokataa nambari isiyoeleza umbo na njia ilikotoka. Naomba semina hii ipitishe pendekezo (c) na (i) leo, hata kama mengine yatasubiri.